Chupa za Mdogo Wangu

Nilianza kumwonea wivu mdogo wangu wakati bado anakojoa kitandani, na kitanda chenyewe kilikuwa changu. Alikuwa mtoto wa mama mdogo. Mama yake alipofariki, mama yangu alivuka bonde, akarudi naye mgongoni, akamlaza kando yangu na kusema, huyu ni mdogo wako. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Mtoto wa ndugu yake alikuwa mtoto wake. Mimi nilikuwa na miaka saba na nilishazoea kuwa peke yangu kwenye mgongo ule. Sikuulizwa.

Nayasema haya mapema ili anayesoma asidhani kwamba wivu wangu ulitokana na shahada. Shahada ilikuja baadaye, ikaukuta wivu umeshakaa na kukunja miguu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ufundi wa maabara, nikaajiriwa kwenye maabara moja ya mifugo pale Morogoro mjini. Miaka kadhaa baadaye yeye akamaliza kidato cha sita, na kwa kuwa alikuwa anakaa tu nyumbani akisubiri majibu, mama akanituma nimtafutie kibarua. Nikamtafutia. Ni mimi niliyemfundisha kuosha chupa mpaka maji yateleze bila kuacha tone, kuvuta pipeti kwa mdomo bila kumeza, na kutambua kwa pua tu kama sahani ya bakteria imeingiwa na uchafu. Mambo yaliyonichukua mwaka mzima, yeye aliyashika kwa wiki mbili. Mkuu wa maabara akawa anaipita meza yangu kwenda kwenye meza ya mdogo wangu. Majibu yakatoka, amefaulu. Akaenda chuo kikuu, na kutoka hapo akapata ufadhili wa kwenda kusoma Ulaya.

Alituma picha moja akiwa amesimama kwenye theluji. Nyumbani kulikuwa na fremu moja tu ya kioo, na ndani yake kulikuwa na picha yangu nikiwa na koti jeupe siku ya kwanza kazini. Nilipopanda mlimani kwa likizo nikakuta theluji imo kwenye fremu. Koti langu jeupe lilikuwa limechomekwa pembeni ya kabati, kona moja imejikunja. Niliinyoosha ile kona, ikajikunja tena.

Baada ya miaka minne akarudi na maboksi mawili na kibali cha kufanyia utafiti wa shahada yake ya udaktari kwenye maabara yetu. Ningependa arudi na kiburi. Angekuwa na kiburi ningepata pa kumshikia. Lakini asubuhi ya kwanza aliingia, akapita mbele ya mkuu wa maabara, akanijia mimi niliyekuwa kwenye sinki na kusema, "Shikamoo dada." Wote waliona. Nikaitika marahaba, na moyoni nikasema, haya, ameanza.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Pale mjini viwanda vilikuwa vinafungwa na maduka ya dawa yanafunguliwa. Zamani, nikiwa mdogo, bwana mifugo wa serikali alikuwa anapanda milima na pikipiki yake na mkoba wa dawa, akikosa dawa anasema hakuna, mnasubiri. Sasa bwana mifugo alikuwa haonekani, ila dawa zilikuwa zimejaa. Siku ya gulio zilitandazwa juu ya gunia pamoja na betri, dagaa na nyembe, na muuzaji alikukatia kiasi chochote unachotaka, hata vidonge viwili. Tuliona maendeleo makubwa, kwa kweli. Mtu alijisikia mwenye akili kununua antibiotiki mwenyewe bila kumpigia mtu magoti.

Mama alikuwa na mbuzi mweupe wa maziwa aliyempata kwa mradi wa kigango cha kanisa. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa furaha yake yote baada ya sisi kuondoka. Alimsemesha, alimkatia majani ya tambarare ya mto, na chai yake ya asubuhi ilikuwa maziwa na majani tu, maji kwa mbali. Kisha mbuzi akapata ugonjwa wa kiwele. Maziwa yakawa na mabonge, chuchu moja ikavimba. Mama akanunua gulioni mrija mmoja wa dawa ya kusukumia kwenye chuchu, akatumia nusu, nusu akaihifadhi kwenye kopo kwa ajili ya siku nyingine. Ndivyo walivyofanya wote pale kijijini, maana nani anamaliza kitu chote kwa siku moja? Kiwele kikanywea, wiki mbili baadaye kikavimba tena. Akatumia ile nusu. Baada ya miezi kadhaa dawa ile ikawa haifanyi lolote, wala ya kwake wala ya jirani. Sisi maabara tulijua sababu. Sampuli za maziwa kutoka milimani zilikuwa zinatuletea bakteria ambao ukiwawekea dawa wanastawi pembeni yake bila wasiwasi.

Utafiti wa mdogo wangu ulihusu bakteria hao hao. Mara ya kwanza kumwelewa sawasawa haikuwa maabara, ilikuwa jikoni kwa mama, Jumapili moja tulipopanda wote wawili. Mama alimuuliza huko kwa wazungu alikuwa anasoma nini, naye akaweka chini bakuli la mboga na kumweleza kwa Kiluguru, polepole, mimi nikiwa namenya viazi. Alisema ndani ya kiwele kuna seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza vidudu. Lakini kidudu hiki kikimezwa hakifi, kinakaa humo humo tumboni mwa mlinzi, kinalala. Ukipiga dawa, dawa inabaki nje ya mlinzi. Ikiisha, kidudu kinatoka. Yeye alikuwa anaifunga ile dawa ndani ya chembe za mafuta ndogo mno, ndogo kiasi kwamba hata darubini yetu haizioni. Mlinzi kwa ulafi wake anazimeza, akidhani ni adui mwingine. Zikipasukia humo ndani, dawa inamkuta mgonjwa wake kitandani.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe unamlisha kwa ujanja," akasema, "kama nilivyokuwa nakuficha klorokwini ndani ya ndizi." Akanigeukia, "Na wewe umesikia? Miaka yote hiyo uko huko, mbona hukuniambia?"

Nikasema mimi kazi yangu ni kuosha chupa.

Sikuwa naosha chupa tu. Nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na moja. Lakini nilitaka anihurumie, na hakunihurumia. Alichukua neno langu kama lilivyo. Tangu siku hiyo kikapu cha njegere kilichokuwa kinashuka na gari la mlimani kila mwisho wa mwezi kikaanza kushuka na maneno mapya: hizi ni za daktari, na dada yake achukue kidogo.

Mkuu wa maabara alinipanga kuwa msaidizi wa mdogo wangu. Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe, na nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Aliyeyusha mafuta yake ya unga pamoja na dawa, akaweka kwenye chupa ya duara na kuizungusha mpaka pakabaki utando mwembamba ukutani, kama mafuta ya jana kwenye sufuria. Akatia maji yenye chumvi kidogo, akatikisa, kisha akasukuma mchanganyiko huo kwenye chujio lenye matundu yasiyoonekana, mara kumi na moja, kwa mkono, mishipa ya shingo imemtoka. Kilichotoka kilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, yenye weupe wa kibluu kidogo ukiyashika kwenye mwanga. Mafuta yale ya unga yalitoka Ulaya, chupa chache tu, na yaliishi kwenye friza. Lakini dawa ikishatengenezwa ilitakiwa kukaa kwenye friji ya kawaida. "Dada, hizi zisigande hata kidogo," aliniambia. "Barafu ikizipata inazipasua zote, dawa inamwagika, chembe zinashikana mabonge. Hapo ni kumwaga." Aliniambia mara moja. Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili.

Miezi mitatu ilitupa chupa ishirini na nne. Mbuzi mmoja alihitaji chupa mbili, kwa hiyo tulikuwa na dawa ya mbuzi kumi na wawili pale kijijini kwetu. Mdogo wangu aliandika orodha. Wa kwanza kabisa alikuwa mbuzi mweupe wa mama.

Sasa nieleze desturi yetu ya umeme, maana bila hiyo hamtanielewa. Ulikuwa mwaka wa mgawo. Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni na kurudi asubuhi, na jenereta ya maabara ilikuwa imekufa tangu zamani. Friji ya kawaida ikikaa bila umeme usiku kucha inakuwa kabati. Friza, kwa upande mwingine, tulikuwa tumeijaza chupa za maji zilizoganda, ikifungwa ilibaki baridi kali mpaka kesho yake. Kwa hiyo kila siku kabla ya saa kumi na mbili aliye zamu alihamisha vitu vyote kutoka friji kwenda friza, akafunga, akaandika kwenye daftari la friji: saa, vitu, sahihi. Tulikuwa tumefanya hivyo kwa miezi. Chanjo zisizotaka kuganda tulishazijua, na tulikuwa tumeshaziondoa. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe huku mdomo unasimulia habari za mtaani. Chupa za mdogo wangu ndizo pekee zilizokuwa na utaratibu wake: alizitoa mwenyewe kila jioni, akazifunga kwa kitambaa, akaziweka kwenye boksi la chanjo lenye barafu, upande ambao hazigusi barafu yenyewe.

Siku yenyewe mama alishuka mjini. Alikuwa hajawahi kufika kazini kwangu kwa miaka yote kumi na moja. Alikuwa anasema miguu inamuuma. Siku hiyo miguu haikuuma. Alikuja na kitenge chake cha jumuiya na kilemba kipya, akapita mlangoni nilipokuwa nimesimama nimevua glavu ili nimpokee mikono yote miwili, akaniambia, "Shika hiki," akanipa kikapu, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Mkuu wa maabara akatoka ofisini kumsalimia. Mama akamwonyesha mdogo wangu kwa kiganja kizima, kama mtu anavyoonyesha shamba.

"Huyu ndiye mwanangu, daktari," akasema. Kisha akanitazama mimi na kikapu. "Na yule pale ni wa kumsaidia."

Mkuu alicheka kwa adabu. Mdogo wangu akasema hapana mama, dada ndiye aliyenifundisha. Hilo ndilo lililonichoma kuliko lote. Angeacha tu. Mtu anaposemewa wema na yule yule ambaye yeye anamwonea wivu ni kama kulishwa kijiko kwa kijiko mbele ya wageni.

Jioni mama ilibidi awahi gari la mwisho la mlimani, na mdogo wangu akaenda kumsindikiza. Aliniambia pale mlangoni, "Dada, nikichelewa, zile chupa niwekee kwenye boksi." Nikaitikia.

Alichelewa. Saa kumi na mbili kasoro nikaanza kuhamisha. Nilihamisha vitendanishi, nikahamisha sampuli za damu, mkono unakwenda na kurudi. Kisha mkono ukatoka na kichanja cha chupa ishirini na nne. Kwa miaka nimejaribu kujiambia kwamba ni mazoea, kwamba mkono ulijua njia. Na ni kweli ulijua njia. Lakini sitawadanganya: nilisimama. Nilisimama na kile kichanja mbele ya friza iliyo wazi, ubaridi unanipiga kifuani, na nikasikia kabisa sauti yake ikisema zisigande. Boksi la chanjo lilikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nikawaza kiganja cha mama. Nikawaza, kwa nini yeye? Watu wa pwani wanaiita roho ya kwa nini, na sijui jina linalofaa zaidi. Nikaweka kichanja ndani, juu kabisa ya chupa za barafu, nikafunga. Kisha, na hili ndilo la ajabu, nikafungua daftari na kuandika kama siku zote: vyote vimehamishwa. Nikatia sahihi.

Asubuhi nilifika nikamkuta ameshazitoa, zimeyeyuka. Alikuwa ameinua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha. Ndani maji yalikuwa maangavu, na chini yameshuka mapande meupe kama maziwa yaliyoganda vibaya. Akaitikisa. Mapande yakapanda, yakashuka. Akachukua ya pili, ya tatu, akazitazama zote ishirini na nne bila kuruka hata moja. Hakulia. Daftari la friji lilikuwa wazi pembeni yake.

"Shikamoo dada," akasema.

Nikaenda kunawa mikono.

Hapo lazima niwaeleze jambo jingine la miaka ile. Mashirika na idara zilikuwa zinapunguza watu. Kila mtu alijua orodha inaandaliwa, na kila mtu alijua wanaotafutwa ni watu wa vyeti vidogo na makosa makubwa. Cheti changu kilikuwa kidogo. Mkuu alipoingia na kuziona zile chupa alibadilika rangi, maana utafiti ule ulikuwa na wafadhili na barua na macho ya wakubwa. Aliuliza nani alikuwa zamu.

"Ni mimi, mzee," mdogo wangu akasema. "Nilizihamisha mwenyewe kabla ya kutoka. Mama alinichanganya na safari yake."

Wakati anasema hivyo kiwiko chake kilikuwa juu ya daftari. Mkuu alimsema vibaya mbele yetu sote, kwamba Ulaya wanawapa vyeti lakini akili wanaziacha huko, kwamba hata mfagizi anajua kipi kinaganda. Nami sifichi: nilisikia utamu. Kwa muda wa dakika tatu hivi nilimsikiliza mdogo wangu akikaripiwa kwa kosa langu na moyo wangu ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekunywa uji. Baadaye ndipo hofu ikaja, na nyuma ya hofu, hasira. Hata kosa langu alikuwa amelichukua, na lilimpendeza kuliko lingenipendeza mimi. Orodha ilibandikwa wiki iliyofuata. Sikuwemo.

Mdogo wangu alikusanya mafuta yaliyobaki, tukaanza upya, na safari hii alikuwa anabaki mpaka umeme ukatike na kufunga boksi mwenyewe. Tulipata chupa kumi. Dawa ya mbuzi watano. Akatoa ile orodha ya mbuzi kumi na wawili, akachukua kalamu, na jina la kwanza alilolikata lilikuwa la mama.

Nilimwambia, mbona unaanzia hapo? Nilisikia sauti yangu inapanda. Akasema hawezi kugawa dawa chache akaanzia kwao, kijiji kizima kingesema daktari amerudi kutibu mbuzi wa mama yake. Mbuzi wa mama atapewa dawa ya kawaida, ile iliyo bora zaidi madukani, na dozi kamili. Nikataka kusema basi tumpe yeye, tumwache mbuzi wa katekista aliyebaki kwenye orodha. Lakini ningeanzaje kudai? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshazama mpaka kiunoni.

Tulipanda mlimani na boksi la barafu, gari mpaka linapoishia, kisha miguu. Niliwashika mbuzi watano mmoja mmoja, kichwa chini ya kwapa, naye akapiga dawa. Wa sita alikuwa mweupe wa mama. Nilimshika pia. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu anamwambia mbuzi wake asiogope, hii ndiyo dawa ya Ulaya, ya mwanangu. Mdogo wangu alimwambia ukweli pale pale, kwamba hii ni dawa ya dukani, kwamba ile nyingine imeharibika na haikutosha. Mama akauliza iliharibikaje. Akajibu, "Umeme, mama." Mama akasema ah, umeme tena.

Kati ya wale watano, wanne walipona. Nilipima maziwa yao mwenyewe kwa wiki nane. Yalikuwa safi na yalibaki safi, hayakurudi. Nilipaswa kufurahi, kwa sababu mikono yangu ilikuwamo. Wiki ya tatu kiwele cha mbuzi wa mama kikageuka rangi upande mmoja, kikawa cha baridi ukikigusa. Siku mbili baadaye akafa.

Tulipanda Jumapili, mimi na yeye. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, hajawasha moto. Mdogo wangu alimwamkia, na mama hakuitika. Aliniita mimi nikae karibu naye, upande wa kulia, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nilikuwa sijashikwa hivyo tangu nikiwa na miaka saba.

"Umewatibu mbuzi wa watu," akamwambia mdogo wangu, bila kupandisha sauti. "Wa mama yako ukamwacha. Nilikubeba mgongoni, ukaja kunifanya hivi." Kisha akaubana mkono wangu. "Huyu ndiye mwanangu. Huyu hajanikimbia kwenda popote."

Mdogo wangu alinigeukia. Aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, kwa utulivu, jinsi tunavyoangalia sahani ya bakteria tukisubiri kuona kama kitu kitaota. Mama naye alikuwa amenishika. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa manne tu: mama, ni mimi niliyeziharibu. Nilifungua mdomo, na mama akaniegemeza kichwa begani, nikasikia harufu ya moshi na mafuta ya nazi kwenye nywele zake. Nikaufunga. Nikasema, pole mama.

Tuliteremka mpaka kwenye daraja la miti. Hapo nikamuuliza kwa nini hakusema kwa mkuu.

"Ungeingia kwenye orodha, dada."

"Na kwa mama?"

Alivuka daraja kwanza. Akasimama upande wa pili akinisubiri, viatu mkononi. "Kwa mama nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

Alimaliza udaktari wake mwaka uliofuata, akapewa kazi huko huko alikosoma. Mama hakushuka kumuaga. Mimi nilikwenda, nikambebea sanduku, tukaagana kama watu wa heshima. Picha ya theluji ilitoka kwenye fremu na koti langu jeupe likarudi mahali pake, na kila nilipopanda nilikaa chini yake nikala nilichopewa. Kila kitu nilichowahi kukitaka nikakipata. Nilitegemea wivu utakwisha. Haukwisha. Sasa nilikuwa nawaonea wivu hata wale wawili wa zamani, mama na yule mtoto aliyekuwa akifichiwa klorokwini ndani ya ndizi, walivyokuwa wanacheka jikoni bila mimi.

Barua zake kwa mama zilikuja kupitia anwani ya kazini kwangu. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilipanda nazo na kumsomea. Katika kila barua, baada ya salamu na hali ya hewa, aliandika sentensi ile ile: mama, nisamehe kwa ajili ya mbuzi. Hakuwahi kuandika zaidi ya hapo. Mwaka wa kwanza mama alisikiliza, akasema sawa, akaenda kutoa majani kwenye maharage. Mwaka wa pili alianza kuomba nirudie kusoma sehemu zingine. Siku moja ya Kwaresima aliniambia nichukue karatasi. Akasema, mwambie nimemsamehe, mwambie aje, nisije nikafa bila kumwona.

Niliandika. Kwa mwandiko wangu huu huu, niliandika kwamba mama anasema amekusamehe kwa ajili ya mbuzi. Nilitia bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe, na njiani nilisimama mara mbili.

Jibu lilichukua mwezi. Nilimfungulia mama akiwa ameketi uani anachambua mboga, nikamsomea: kwamba amelia, kwamba anakuja Desemba, kwamba anamletea mama sweta ya sufu. Mama alikuwa anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, mboga zimesahaulika mapajani. Chini kabisa, baada ya jina lake, palikuwa na mstari mmoja zaidi. Haukuwa wa mama. Ulisema: Na wewe dada, umenisamehe?

Niliusoma mara tatu kimoyomoyo.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Amesema nini tena?"

Nikaikunja barua. "Anatusalimia wote," nikasema.